Chaza wa Mzazi

Maji yalimfika Nyaleu kifuani, na kila wimbi lililofanikiwa kuvuka mwamba wa nje lilimfika mdomoni. Mkono mmoja ulishika kijiti cha mkoko, mwingine kisu. Alikuwa anatafuta kwa nyayo, kwa sababu upepo ulikuwa umekoroga mchanga na macho hayakumfaa kitu. Nyayo ziligusa mawe ya ukuta. Zikagusa chaza wa kwanza, zikapita. Huyo gamba lake lilikuwa pana kama beseni la kuogea, na wakubwa hawaliwi. Wakubwa ndio wanaozaa. Zikagusa mwingine, mkubwa vilevile. Zikagusa mdogo, ambaye bado. Kisha zikamfikia mmoja wa wastani, wa saizi ya sufuria ya nyumba yenye watu, na hapo zikasimama.

Alivuta pumzi, akazama. Aliingiza kijiti kati ya magamba kabla hayajafumba, akapitisha kisu ubavuni, karibu kabisa na gamba, mpaka akaisikia ile nyama ngumu inayoshikilia kila kitu ikiachia. Akaibuka na chaza kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyezimia, anatema maji ya chumvi.

"Mama mkubwa!"

Ufukoni alisimama Kilangau, mtoto wa mdogo wake. Alikuwa na kofia mpya ya bluu yenye picha ya samaki, na filimbi shingoni.

"Mama mkubwa, toka humo."

"Natoka. Nimemaliza."

"Huyo mwache humo humo."

"Nimwache vipi na nimeshamkata? Nimshone?"

Kilangau alitazama huku na huku. Ufuko ulikuwa mtupu. Siku za mawimbi kama hizi watu wote walikuwa ndani, wamejikunyata kwenye moto.

"Kwani hukusikia? Diwani alitangaza kanisani. Mwamba wote sasa ni hifadhi. Chaza hagusiki."

"Mimi sikwenda kanisani, nina mzazi ndani. Na hagusiki na nani? Huyu nilimleta hapa mwenyewe akiwa kama kiganja changu. Wewe ulikuwa unatambaa, Kilangau. Ulikuwa unawakojolea humu humu, nikikufukuza unacheka."

Kilangau alitaka kucheka. Kicheko kilifika mashavuni kikarudi.

"Nimeapishwa, mama mkubwa. Nimewekwa nilinde. Nisipokukamata wewe watasema nawabeba ndugu zangu."

"Sepora hana maziwa."

"Najua."

"Mtoto ananyonya ngozi."

"Najua, mama mkubwa. Nipe huyo chaza."

Alimpa. Angefanya nini? Kijana alikuwa ameshanyoosha mikono.

Kwenye kisiwa cha Ndrolau kila aliyenyonya ziwa la mama yake alinyonya chaza kwanza. Mwanamke akijifungua, mama yake huingia majini akamkata mmoja, akamchemsha na nazi changa mpaka mchuzi ukawa mzito, na mzazi akaunywa mara kwa mara mpaka maziwa yashuke. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na bustani yake kwenye mwamba: ukuta wa mawe kuzunguka eneo la mchanga, na ndani yake chaza waliookotwa wakiwa wadogo, wakaletwa, wakalazwa midomo juu. Wanaliwa kwa ajili ya mzazi, na wanaliwa miezi ya mawimbi, wakati mitumbwi haiwezi kwenda nchi kubwa kubadilisha samaki kwa sago, ule unga wa shina la mti. Siku nyingine hawaliwi. Bustani ya mtu haiingiliwi na mwingine, hata akiwa ndugu. Ya Nyaleu ilikuwa ya mama yake, na kabla ya hapo ya bibi yake.

Mwaka huu miezi ya mawimbi iliwahi. Unga wa sago ulikuwa umebaki wa kukung'uta. Duka la Diwani Pomalat lilikuwa na betri, sabuni na chumvi tu, kwa sababu meli haikuja. Zahanati ilikuwa imefungwa tangu muuguzi alipokwenda mjini Lorengau kufuatilia mshahara wake. Jirani mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimnyonyesha mtoto wa Sepora mara chache, halafu mumewe akamkataza, kwani wao wana pacha na pacha walikuwa wanalia. Naye mume wa Sepora alikuwa mbali, kwenye mashamba ya michikichi ya kisiwa kingine, na salamu zake za mwisho zilikuja kabla mimba haijaonekana.

Nyaleu aliporudi nyumbani mikono mitupu, binti yake Sepora alikuwa amekaa mgongo kwenye ukuta wa makuti, mtoto kifuani, anamtazama mama yake anavyochuruzika maji sakafuni. Mtoto alinyonya, akaachia, akakunja uso. Hakulia. Siku za kwanza alikuwa analia.

"Kesho," alisema Nyaleu.

"Kesho nini, mama?"

"Kesho nitazungumza na shemeji yangu."

Lakini shemeji yake ndiye aliyemwita, na alimwita mbele ya watu.

Baraza lilikaa chini ya sakafu ya shule, kati ya nguzo, mahali ambapo upepo haukufika sana. Diwani Pomalat, mdogo wa marehemu mume wake, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Mkononi alikuwa na popoo, kwenye paja kibuyu cha chokaa, na midomo yake ilikuwa imeshaiva kwa tambuu. Pembeni yake alikaa Ndrewou, ofisa wa mradi aliyetoka mjini, kijana mwenye miwani na viatu vilivyofungwa kamba. Mbele yao, juu ya meza ya darasa la kwanza, lilikuwa gamba la chaza. Lilikuwa tupu, limesafishwa, linameta.

"Na nyama yake iko wapi?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Iliharibika," alisema Diwani.

"Iliharibikia tumboni?"

Watu wakacheka. Diwani naye akacheka, akatema mate mekundu mchangani, akasubiri kicheko kiishe. Kilipoisha hakikurudi tena.

"Shemeji," alisema, "hapa hatujaitana kwa sababu ya chaza mmoja. Mmoja ni jambo la kusameheana. Ofisa, hebu mwonyeshe."

Ofisa alisimama na simu yake kubwa mkononi. Alimwonyesha Nyaleu kwanza, kwa heshima, akiinama kidogo, kisha akaizungusha watu waone. Ilikuwa picha ya bustani yake. Maji yalikuwa yamekupwa na jua lilikuwa limesimama wima. Chaza walikuwa wamepangwa bega kwa bega, wamefungua midomo yao ya kijani na ya samawati, na wengine ya rangi ambayo haina jina.

Nyaleu aliikumbuka siku ile vizuri. Watu wa mradi walituma habari wakati bahari imelala, wakasema kwingine kote chaza wamekwisha, wanakuja kuona waliobaki wako wapi na nani amewatunza. Usiku ule wenye bustani wengi walishauriana. Walisema serikali ikija kutazama kitu chako, kitu hicho si chako tena. Minazi ilitazamwa namna hiyo hiyo, ikafuata kodi. Asubuhi wakaenda na maji ya kupwa wakabomoa kuta, wakawatawanya chaza wao mwambani, huku na huku, kama vile hawakuletwa na mtu.

Nyaleu alifanya kinyume. Mgeni akija kukutazamia nyumba humwonyeshi chungu kilichojaa nusu. Yeye na Sepora, tumbo la Sepora likiwa limeshamtangulia, walikwenda mpaka mwamba wa nje kuwaleta hata wale waliokuwa wamewaacha kule wakomae. Waliwabeba mmoja mmoja. Waliwapanga, wakasogeza mawe, wakasafisha mwani kwenye magamba kwa vidole, mpaka bustani ikajaa hata pa kukanyaga hapakuwapo. Asije mtu wa mjini akasema nyumba ya marehemu mume wake Pokarin imelala na njaa! Wageni walipofika walishangaa kwa sauti. Walipiga picha. Diwani alimwekea mkono begani akasema, "Huyu ndiye shemeji yangu mwenyewe," naye Nyaleu akawapikia samaki.

"Mama," alisema ofisa, "hawa chaza wako hivi porini?"

"Porini?"

"Mwambani. Mungu aliwaumba wamekaa hivi, kwa mistari?"

"Mungu aliwatawanya. Hivi nimewapanga mimi."

"Umewakusanya wewe."

"Nimewakusanya mimi, na mama yangu kabla yangu. Unafikiri walitembea?"

Mtu mmoja alicheka peke yake.

"Mmesikia," alisema Diwani.

"Mama, sheria inasema hivi." Ofisa alivua miwani, akaipangusa kwenye shati. "Hawa ni viumbe wanaotoweka. Kuwakusanya bila kibali ni kosa. Mtu akionekana na chaza wengi mahali pamoja, wamepangwa, sisi tunaelewa ni ghala. Ni mali inayosubiri mnunuzi."

"Mnunuzi gani? Mimi sijawahi kumuuza chaza. Muulize yeyote hapa."

Ofisa aliwatazama watu. Watu wakatazama nguzo, wakatazama miguu yao. Wenye bustani walikuwepo wote. Hakuna aliyekuwa na bustani.

"Mimi sina neno na bustani ya mtu," alisema mwanamke mmoja, jirani wa Nyaleu, kwa sauti ya chini. "Yangu haipo. Ilibomolewa na mawimbi."

"Na mawimbi," alisema Diwani, bila kutabasamu. "Basi. Shemeji, hakuna anayetaka kukuaibisha. Sitaki ukalale mahabusu mjini mke wa kaka yangu. Nimezungumza na ofisa mpaka amelegea. Chaza watahamishwa. Watapelekwa hifadhi kuu, upande wa pili wa kisiwa cha Palitau, mahali pasipokaliwa na mtu. Kikundi chetu cha wananchi kina kibali, boti yangu itabeba. Wewe huingii tena kwenye mwamba. Yameisha."

"Kikundi chetu kina nani ndani yake?"

"Kina wananchi."

Nyaleu alikuwa amesimama muda wote huo. Sasa alishika ukingo wa meza.

"Sawa. Wapelekeni. Lakini naomba mmoja. Si wa kuweka. Nina mzazi ndani, shemeji, wewe unajua, mtoto yule ni mjukuu wako. Nipeni mmoja nimpikie, halafu chukueni wote."

Diwani alimtazama ofisa. Ofisa alimtazama Diwani. Ilionekana wazi kwamba mmoja kati yao angeweza kusema ndiyo, ila kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake awe ndiye.

"Mama," alisema ofisa hatimaye, "nikikupa wewe mmoja, kesho kila nyumba itakuja na mzazi."

"Na ikija? Wazazi wanaghushiwa?"

"Shemeji, usimjibu hivyo mtu wa serikali."

"Basi nisimjibu." Aligeuka aondoke, akarudi. "Nani atakayewahamisha? Hawa vijana wako wataua wote. Wadogo wana nyuzi chini, zinashika mawe. Ukimvuta tu unamng'oa utumbo."

"Ndiyo maana," alisema Diwani, "utawabeba wewe."

Alifanya kazi ile kutwa nzima, kutoka maji yalipoanza kupwa. Upepo ulikuwa umelegea kidogo. Vijana wa Diwani walikaa na boti ya injini nje ya ukuta wa bustani, wanavuta sigara, na yeye akawa anazama na kuibuka, anazama na kuibuka. Wadogo aliwakata nyuzi kwa kisu taratibu, chini kabisa, akiacha jiwe na kipande cha uzi. Wakubwa waliinuliwa na watu wanne kwa kamba na gunia.

"Usimshike mdomoni wewe! Wewe ukishikwa mdomoni unajisikiaje?"

"Mimi naona raha," alijibu kijana.

"Utaona raha ukifa. Mshike huku, chini. Inua pamoja. Usimgongeshe."

Aliwaambia watandaze magunia yaliyolowa. Aliwaambia wamwagie maji wakati wote, midomo isikauke. Aliwaambia wakifika wawalaze kwenye mchanga, si kwenye mwamba mkali, na midomo itazame jua. Vijana walisema ndiyo mama, ndiyo mama. Mmoja wao alianza kumwigiza sauti, wenzake wakaangua kicheko, lakini walifanya alivyosema, na hakufa hata chaza mmoja.

Moyoni alikuwa anajipa hesabu yake mwenyewe. Wakiwa hai, hata wakiwa Palitau, watakuwa wapo. Mtu anaweza kuombwa tena. Diwani mwenyewe alipita ufukoni akamwambia, "Wakishazoea huko, shemeji, nitaongea na mradi wakufikirie. Labda mwakani." Mwakani ni mbali, lakini ni mahali.

Alipoingia ndani jioni ile Sepora alikuwa amelala ubavu. Mtoto alikuwa anachezesha midomo hewani. Nyaleu alichovya kidole kwenye maji ya dafu akamwekea ulimini. Mtoto alikinyonya kidole kwa nguvu, kwa nguvu ya ajabu kwa mwili ule, kisha akakiacha kama mtu aliyegundua kuwa amedanganywa.

Asubuhi ndipo alipokumbuka kuwa wale wadogo walipakiwa mwisho, juu ya wengine, wamelala ubavu. Wasipogeuzwa hawatajigeuza. Hakujiuliza kama anaruhusiwa. Alichukua kikapu, kwa mazoea, akaisukuma ngalawa yake, akapiga kasia upande wa ndani, ambako visiwa vinazuia upepo, mpaka mikono ikafa ganzi na Palitau ikamfungukia.

Upande wa pili wa Palitau kulikuwa na meli.

Haikuwa kubwa sana. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu iliyobabuka, bila jina ubavuni, na boti ya Diwani ilikuwa imefungwa kwenye ubavu wake. Maji yaliyoizunguka yalikuwa mazito na membe walikuwa wanapiga kelele juu yake. Nyaleu alisogea. Kwenye sitaha watu walikuwa wamekaa kwenye ndoo, visu mikononi. Mmoja anafungua, mmoja anachomoa ile nyama ngumu, nyeupe, ya kati, anaitandaza kwenye sinia la waya. Mwingine anakwangua gamba kwa brashi. Magamba yalikuwa yamepangwa nyuma ya chumba cha nahodha, makubwa chini, madogo juu, vizuri sana. Kilichobaki, ile midomo ya kijani na ya samawati, kilikuwa kinatupwa baharini kwa koleo.

Alishika kamba ya boti ya Diwani ili mkondo usimchukue.

"Mama, unatafuta nini?" aliuliza mmoja wa wale waliokuwa na visu. Alikuwa kijana wa pwani kama wao, anaongea kama wao.

"Nimefuata chaza wangu."

"Hawa? Hawa ni wa Diwani."

Diwani mwenyewe alitokea ukingoni. Mkononi alikuwa na bakuli la wali. Nyuma yake, kwenye mlango wa chumba cha nahodha, viatu vya kufunga kamba vilikuwa vimevuliwa na kupangwa kwa nidhamu, visigino vikiangalia ndani.

"Shemeji! Umekuja mbali hivi na bahari hii?"

"Hii ndiyo hifadhi?"

Diwani alimeza alichokuwa nacho mdomoni.

"Wengine tumewaweka. Hawa ni wale walioumia njiani."

"Hakuumia hata mmoja. Niliwabeba mimi."

"Basi waliumia baadaye."

Kijana mwenye kisu aliinama akaendelea na kazi. Nyaleu aliwatazama wale wakubwa, wale wa bibi yake, ambao hakuna mdomo wa Ndrolau uliowahi kuwagusa. Mmoja alikuwa bado hajafunguliwa. Alikuwa amelala juani kwenye sitaha, amefumba, anatoa maji kidogo kidogo kwenye ukingo wa gamba.

"Nipe huyo," alisema. "Pomalat. Nipe huyo mmoja. Nitaondoka, sitasema kitu."

Tangu aolewe kwao hakuwahi kumwita jina lake. Mke hatamki jina la shemeji yake.

"Utasema nini?" aliuliza Diwani. Hakuwa amekasirika. Alionekana kama anataka kujua kweli. "Na utamwambia nani?"

Alirudi kwenye wali wake.

Nyaleu aliachia kamba. Ngalawa ilianza kuzunguka. Ndipo kijana mwenye kisu akainuka na koleo lililojaa.

"Mama! Hii midomo wateja hawaitaki. Unaitaka?"

Wenzake walicheka, mmoja akamwiga mtu anayelisha bata. Nyaleu alipiga kasia mara moja kuondoka. Akaacha. Alikaa hivyo, kasia likichuruzika maji magotini, muda ambao mtu anaweza kufikiria mambo mengi au jambo moja. Kisha akaipeleka ngalawa chini ya ubavu wa meli, akainua kikapu kwa mikono miwili.

"Mpe, mpe," ilisikika sauti ya Diwani kutoka ndani. "Ni shemeji yangu huyo, mpe na nyingine."

Nyama ilianguka kikapuni, na nyingine begani kwake, na nyingine baharini.

Kilangau alikuwa anamsubiri. Alikuwa amesimama palepale ambapo ngalawa yake huwa inapanda ufukoni, kofia imeshushwa mpaka nyusi, redio ya mradi mkononi.

"Mama mkubwa, simama hapo hapo."

"Kuna nini tena?"

"Kikapuni kuna nini?"

"Unajua."

"Diwani amepiga redio. Amesema unakuja na nyama ya chaza."

Nyaleu alimtazama.

"Yeye ndiye aliyenipa, Kilangau."

"Amesema utasema hivyo."

Kasia lilikuwa limegusa mchanga. Nyaleu alilishikilia hapo hapo, lisisogee mbele wala nyuma. Nyama kikapuni ilikuwa bado laini, bado ina rangi zake zote.

"Ukishuka nayo ufukoni ni lazima nikukamate," alisema Kilangau. Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayesoma. "Wewe na mtu yeyote ndani ya nyumba. Watampeleka mjini na Sepora. Imwage, mama mkubwa. Nakuomba. Imwage nisione."

"Na nisiposhuka?"

"Nini?"

"Nikibaki majini."

Kilangau alitazama redio, akatazama maji yaliyokuwa yanaizunguka ngalawa.

"Majini," alisema polepole, "hakuniambia kitu."

Nyaleu aligeuza uso kuelekea nyumba zilizosimama kwenye nguzo zao, akaita jina la binti yake. Aliita kwa nguvu zote. Milango ikafunguka kidogo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetoka, isipokuwa Sepora. Aliteremka ngazi kwa kinyumenyume, ameshika kila kidato. Alivuka mchanga, mguu mmoja mmoja, akampita Kilangau bila kumtazama, akaingia baharini. Mzazi mchanga haruhusiwi kugusa maji ya bahari, hiyo kila mtu anaijua. Yalimfika magotini, yakamfika kiunoni, akatweta. Mtoto alikuwa amemwinua begani, ameshikwa kichwa kwa kiganja.

"Kula," alisema Nyaleu.

"Mbichi?"

"Kula, mwanangu."

Alikata kipande kwa kisu, akampa mdomoni kwa mkono wake. Sepora alitafuna. Alitaka kutapika, akaziba mdomo, akameza. Akafungua tena. Nyaleu alikata kingine. Mtoto alianza kuhangaika begani, ananusa, anatafuta, anaguna.

Maji yalikuwa yanakupwa. Yalitoka kiunoni mwa Sepora yakashuka mapajani, na chini ya ngalawa mchanga ulianza kukwaruza. Nyaleu aliisukuma nyuma kidogo. Sepora akaifuata, bado anatafuna. Ikakwaruza tena, akaisukuma tena.

"Haraka," alisema Nyaleu. "Usitafune sana."

Walirudi nyuma hivyo, kipande kwa kipande, kuelekea mwamba ambako mawimbi yalikuwa yanapasuka, na kila palipobaki pakavu, Kilangau alisogea mbele hatua moja, akasimama.